Mbawa Mpya za Tandiko la Zamani

Baba mkwe wangu alipopata kiharusi, mkono wake wa kulia ulikufa ganzi kuanzia kiwiko mpaka vidoleni, na fremu yetu ya Majengo, chumba cha duka tunamoshona mabegi na ngozi, ikabaki na mikono miwili tu, yote yangu. Kabla ya hapo ilikuwa na minne, ingawa ungemuuliza yeye angekwambia ilikuwa na miwili ya kufanya kazi na miwili ya kushika uzi.

Nimekaa naye katika fremu ile miaka saba. Mimi si mtu wa mlimani. Nilizaliwa kwenye kambi za mashamba ya miwa kule chini, wazazi wangu wakiwa wametoka Singida kutafuta kazi, nikaolewa na mwanawe, mwalimu ambaye shule yake iko Rombo na nyumbani tunamwona mwisho wa juma. Mwanzoni nilikuwa nampelekea mzee chakula cha mchana. Siku moja nikamkuta amezidiwa na mabegi ya wanafunzi, kila moja zipu imekufa, nikakaa chini nikashona mawili. Hakusema asante, wala hakusema niondoke. Kesho yake nikakuta kuna kigoda cha pili.

Ufundi wake haukuwa wa maneno. Ukikosea, alifumua kazi yako yote kimya kimya, akakuwekea pale ulipoanzia. Ukipatia, aliendelea na yake. Tena alikuwa na heshima ya mkwe isiyo na mapumziko: hakupokea kitu kutoka mkononi mwangu wala hakunipa kitu mkononi. Akitaka msharasi wa kutobolea ngozi, niliuweka mezani, nikatoa mkono wangu, ndipo akauchukua. Sijui kama Wachagga wote wako hivyo. Mimi kwetu tunarushiana hata sufuria, kwa hiyo nilinuna mwaka mzima kabla sijazoea.

Krismasi ya mwaka ule alioumwa, ukoo wote ulipanda Kibosho, nyumbani kwa mzee, kama ilivyo ada, magari yamejaa mpaka kwenye migomba. Baada ya nyama na mbege, ile pombe ya ndizi, mtoto wa kaka yake, kijana mwenye biashara zake Arusha, alisema kwa adabu kabisa kwamba fremu ya Majengo ipo mahali pazuri, na kwa kuwa sasa mzee anapumzika, ingefaa aichukue yeye aweke vifaa vya simu. Mtu akauliza, "Na shemeji je?" Akajibu kwamba shemeji atawekewa meza pale nje, kwenye kibaraza.

Shemeji ndiye mimi. Nilikuwa jikoni namenya ndizi, na nasema ukweli, nilikishika kisu vibaya. Niliitaka fremu ile. Niliitaka kuliko nilivyowahi kutaka kitu chochote tangu niolewe, na sikuwa na mahali pa kusema hivyo, kwa sababu mke wa mwana hainuki katikati ya ukoo akadai kiti cha baba mkwe wake.

Mzee aliweka mbege yake chini kwa mkono wa kushoto. Kisha akasema kwa ule mdomo wake uliokuwa umeinama upande mmoja, "Mwezi wa kwanza kuna tandiko la farasi linakuja. Likitoka vizuri, tutajua fremu ni ya nani. Likitoka vibaya, tutajua vilevile."

Tandiko lilikuja wiki ya pili ya Januari nyuma ya pikapu, limefunikwa kwa gunia la kahawa. Mwenyewe ni mwanamke wa miaka thelathini na kitu, ana farasi sita upande wa magharibi wa mlima na huwatembeza wageni kati ya mashamba. Mtaani wanamwita binti wa farasi. Tandiko lake si kama yale mepesi ya Kiingereza. Ni la Kimarekani, la wachunga ng'ombe, kubwa, zito, lenye kirungu mbele cha kushikilia. Lina vikuku vya mbao vya kukanyagia, na juu ya kila kikuku kuna kipande kipana cha ngozi kinachoshuka ubavuni ili mguu wa mpandaji usiguse jasho la farasi. Vipande hivyo sisi tunaviita mbawa. Mbawa zote mbili zilikuwa zimeoza, pamoja na mikanda yake. Kiti chenyewe kilikuwa kizima, cha kahawia nyeusi, kinang'aa kwa kukaliwa.

"Mzee yuko wapi?" aliuliza.

"Anaumwa kidogo, yuko nyumbani."

"Lakini atalishika mwenyewe?"

"Litashikwa, mdogo wangu," nilimjibu, kwa sauti ambayo hata mimi niliisikia ni kali.

Alitaka mambo mawili. Vikuku viukute mguu bila mguu kuvitafuta, na mtu akilitazama tandiko asijue lipi jipya na lipi la zamani. Wageni wanapiga picha, alisema, hataki farasi wake aonekane amevaa viraka. Akaniachia mpaka kabla ya masika.

Kukata na kushona kulinichukua wiki mbili, na hapo sikupata shida, maana mbawa za zamani nilizilaza juu ya ngozi mpya nikazifuata kama mtu anayekata gauni. Shida ilianza nilipozifunga. Ngozi mpya ilikuwa na rangi ya chapati isiyoiva. Pembeni ya kiti kile cheusi ilionekana kama mtu aliyevaa koti la harusi na kaptula ya shule. Tena ina ubishi: mbawa zilining'inia wima, vikuku vikatazama mbavu za farasi asiyekuwepo, badala ya kutazama mbele ambako vidole vya mguu huingilia.

Ubishi nilijua dawa yake, nilishaiona kwa mzee. Nililiweka tandiko juu ya pipa lililolazwa kwenye matofali, nikalowesha mbawa kwa maji, nikazisokota mpaka vikuku vikageuka, nikapitisha mpini wa jembe katika vikuku vyote viwili ili visirudi, nikatundika katikati ya mpini ndoo ya mchanga. Siku nne. Kila aliyepita aliuliza farasi yuko wapi.

Rangi ndiyo sikujua. Ningeweza kupaka rangi ya viatu, lakini rangi ya viatu hukaa juu ya ngozi, mgeni akipanda asubuhi, jioni suruali yake ina ramani. Mzee hakutumia rangi. Alikuwa na chupa ya mafuta, iliyokuwa ya soda zamani, na kila mwaka aliijaza huko kwake nyumbani bila kusema yanatoka wapi. Chupa ilikuwa na kiasi cha vidole viwili. Nilipaka bawa la kushoto yakaisha, na bawa likawa la asali palepale, zuri la kupendeza. La kulia likabaki chapati.

Nilinusa chupa. Nikanusa tena. Halafu nikacheka peke yangu, kwa sababu niliijua harufu ile. Ni kwato. Jirani yetu, mama anayeuza supu ya makongoro, kila asubuhi anachemsha kwato za ng'ombe mpaka mtaa mzima unajua. Na juu ya sufuria yake huelea mafuta, anayaengua na kuyamwaga. Nikachukua kopo nikaenda kumwomba. Alinipa tele.

Nilijiona nina akili sana. Miaka saba mzee anaficha siri yake, nami nimeigundua kwa pua. Nilipaka bawa la kulia mara tatu siku hiyohiyo, na la kushoto nikaliongeza, nikalitoa tandiko juani. Jua la Januari la Moshi halina utani. Jioni mbawa zote zilikuwa na rangi ya kahawa iliyokaangwa nusu, nikalala kama mtu aliyekwisha kukabidhiwa funguo.

Siku ya tatu nilikwenda kununua uzi. Niliporudi nilikuta paka wawili wa mtaa wamepanda tandiko, wanaramba bawa la kulia kwa raha zao, macho wamefumba. Nikawafukuza. Nilipoinama nikaona ngozi imetoka unga mweupe, kama ule unaotoka kwenye kuta za nyumba za zamani. Nikafanya walichofanya paka: nikaweka ulimi. Chumvi. Na kwa mbali, ndimu.

Nilikwenda kwa mama supu nikiwa nimefura. Yeye alikuwa anakatakata vitunguu, hakuacha. "Sasa wewe ulitaka mafuta ya kula au ya kupaka?" alisema. "Si ungesema."

Husemwa kuuliza si ujinga, lakini aliyesema hivyo hakuwa na baba mkwe kama wangu. Nililala siku mbili na lile jambo. Nilifikiria kufuta unga ule kwa kitambaa na kunyamaza. Siku ya tatu nikapanda bodaboda kwenda Kibosho.

Nilimkuta barazani, blanketi magotini, anaangalia kahawa yake shambani.

"Shikamoo, baba."

"Marahaba." Akavuta pumzi. "Umekula makongoro?"

"Hapana, baba. Nimekunywa chai tu."

"Basi mikono yako ndiyo iliyokula."

Nikamweleza yote, kuanzia chupa mpaka paka. Nilikuwa nimejiandaa kwa ule ukimya wake wa kufumua. Badala yake mabega yake yakaanza kutikisika. Alikuwa anacheka, upande mmoja wa uso, machozi yanamtoka jicho moja. Sikuwahi kumwona akicheka miaka yote saba, na nilikasirika kidogo kwamba ilibidi nijiaibishe ndipo nikapata bahati hiyo.

Alipotulia, akawa yule yule wa siku zote. "Ngozi ilishakula chumvi yake machinjioni," alisema. "Ikaoshwa, ikatoka. Ukiilisha tena, inakunywa maji ya hewani, inakauka, inakunywa, inakauka. Mwisho inapasuka. Na haipasukii mezani. Inapasukia pale mtu anapokanyaga, farasi akiwa anakimbia."

Wiki zote zile nilikuwa nimefikiria rangi, picha za wageni, fremu na kijana wa Arusha. Mguu wa mtu sikuwa nimeufikiria hata mara moja. Nilimwambia hivyo.

"Ndiyo," alisema. "Kanunue miguu minne ya ng'ombe."

Tulichemsha siku iliyofuata, nyuma ya nyumba, kwenye mafiga. Mimi nilichoma manyoya na kupasua kwato. Yeye alikaa kwenye kigoda akielekeza kwa mkono wa kushoto. Hapana chumvi, hapana kitunguu, hapana kitu. Kuni chache, moto wa kusinzia. Kengele ya saa sita ilipolia kanisani tulisimamisha maneno akasali Malaika wa Bwana, mimi nikichochea moto na kuitikia, halafu tukaendelea. Alasiri tuliacha sufuria ipoe, mafuta yakapanda juu. Nikaengua, nikachuja kwa kipande cha khanga safi, nikayarudisha motoni peke yake mpaka yakaacha kutoa povu, maana povu ni maji.

"Onja," alisema.

Nikaonja.

"Yana ladha gani?"

"Hayana ladha, baba."

"Ndiyo hayo."

Kisha akakunjua kiganja cha kushoto, akakinyoosha kwangu. Sikuelewa. Nikatazama huku na huku nikitafuta mahali pa kuweka kijiko ili akichukue, kama siku zote. Yeye akazidi kunyoosha kiganja. Nikamimina mafuta pale, na kijiko kikagusa ngozi yake. Akayasugua kwa kidole gumba, polepole, akanusa, akatikisa kichwa kukubali. Baadaye tulitia chumvi kwenye ile sufuria, tukaongeza ndizi, tukala.

Wakati wa kula ndipo aliponifundisha, na nadhani alisema maneno mengi zaidi jioni ile kuliko miaka yote ya nyuma. Chumvi niitoe kwa kitambaa chenye maji ya uvuguvugu, nisiloweke, mara nne au tano, mpaka ulimi useme basi. Nikaushe kivulini, nisokote upya. Mafuta nipake kidogo kidogo, kama unavyomlisha mgonjwa. Leo kidogo, kesho jua la asubuhi, keshokutwa kidogo tena. Halafu akaniuliza tandiko la zamani lina rangi gani.

"Kahawia nyeusi."

"Lote?"

Nikaanza kufikiria. Si lote. Pale goti linapobana ni jeusi. Pale shavu la mguu linaposugua ni jeusi. Chini ya mikanda, ambako hakuna kinachogusa, bado ni jekundu.

"Ukilipa rangi moja lote, mtu atajua ni jipya," alisema. "Lipande."

"Baba, mimi sina farasi."

"Una pipa."

Ndivyo ilivyokuwa kwamba karibu mwezi mzima wa Februari, kila asubuhi, mimi mama wa watoto watatu, nilivaa suruali ya zamani ya mume wangu, nikapanda juu ya pipa ndani ya fremu ya Majengo, miguu kwenye vikuku, nikashona mabegi ya wanafunzi nikiwa huko juu. Nilibana magoti. Nilitoka jasho, na jasho lilikuwa sehemu ya kazi. Ngozi mwanzoni ililia kama mlango mbovu kila nikigeuka, na magoti yaliniuma mpaka usiku natembea kwa kushika ukuta. Wiki ya pili ililia kidogo. Wiki ya tatu niligundua kwamba siku nzima sikuwa nimeisikia.

Mtaa ulifurahi kuliko mimi. Wanafunzi waliniuliza kama nakwenda Dodoma. Mume wangu alipokuja mwisho wa juma alisimama mlangoni, akaitambua suruali yake, akarudi nje kununua soda. Mzee mmoja ambaye hupita kila siku kwenda kuswali adhuhuri alisimama, akanitazama kwa utulivu, akasema, "Mama, huyo farasi umempa maji?"

"Nimempa, shehe. Bado majani."

"Basi usimchoshe," alisema, akaendelea na safari yake.

Nilikuwa na furaha siku zile. Sikuwa na hakika ya kitu, kijana wa Arusha alikwisha kutuma mtu aje kupima ukuta kwa ajili ya mashelfu ya kioo, lakini nikikaa juu ya pipa lile, uzi wa nta mdomoni, nikiona mbawa zinaiva chini ya magoti yangu, nilikuwa na furaha. Kwanza chapati, halafu asali, halafu kahawa. Na pale magoti yaliposhika, weusi ukaanza kuingia wenyewe, polepole, bila mimi kuupaka. Kila siku kabla ya kufunga nilipima kwa ulimi. Haina ladha.

Binti wa farasi alikuja mwisho wa Februari, mawingu yameanza kukaa chini mlimani. Hakunisalimia vizuri, macho yake yalikwenda moja kwa moja kwenye tandiko. Alilizunguka. Akaminya bawa kwa ukucha, akaangalia alama ikifutika. Akageuza mkanda akaangalia chini yake, pale penye wekundu. Kisha akapanda, na miguu yake ikaingia kwenye vikuku bila yeye kutazama chini. Akakaa hapo muda mrefu kidogo. Nilikuwa nimeshika ukingo wa meza.

"Kumbe mzee amepona," alisema. "Naomba umshukuru sana."

Nilitaka kucheka na nilitaka kumshusha kwa nguvu kutoka kwenye lile pipa, vyote kwa wakati mmoja. "Hajapona," nilimwambia. "Mkono bado kabisa."

Alinitazama usoni, kisha mikononi, ambako mafuta yalikuwa yameingia kila mkunjo. Tulibeba tandiko pamoja mpaka kwenye pikapu. Alipokwisha kuwasha gari, akatoa kichwa dirishani akasema atalileta na la pili.

Jumapili baada ya misa nilipanda Kibosho. Mzee alikuwa barazani palepale. Nilisalimia, nikakaa kwenye ngazi, nikaanza kumenya ndizi za mchana, maana kwake hukai mikono mitupu. Hakuuliza upesi. Nilikwisha kumenya nusu ya mkungu.

"Alisemaje?"

"Aliuliza kama umepona, baba."

"Ukamwambiaje?"

"Nikamwambia hujapona."

Aligeuza uso akatazama kahawa, na nilidhani nimemuumiza. Nilijilaumu. Mtu amekaa miezi mitatu na mkono uliokufa, nami namletea habari kwamba wateja wanauliza. Nilikuwa natafuta maneno ya kurekebisha aliposema nimpigie simu yule kijana wa Arusha. Nikapiga, nikaweka sauti kubwa, kwa sababu sikio lake la kulia nalo halikuwa zuri.

"Shikamoo, baba mdogo," kijana aliitikia.

"Marahaba. Ile fremu ya Majengo, mwanangu, tafuta nyingine. Ile ina fundi."

Kijana si mbaya, na nilisikia kabisa kwamba hakuelewa. "Baba mdogo," aliuliza polepole, "kwani umepona?"

Mzee akatazama chini, kwenye mikono yangu iliyoshika kisu na ndizi, kucha bado nyeusi kwa mafuta ya kwato. Alitazama mpaka nikashindwa kuendelea kumenya.

"Nimepona," alisema. "Salimia watoto."